Kimya cha Abadiânia kiligharimu kiasi gani

Usiku wa tarehe 7 Desemba 2018, televisheni ya Globo ya Brazil ilirusha mahojiano na wanawake waliosema kwamba mganga maarufu kuliko wote nchini mwao, João Teixeira de Faria, anayejulikana duniani kwa jina la João de Deus, aliwadhalilisha kingono walipokwenda kwake kutafuta tiba. Walikuwa kama kumi. Mmoja tu, raia wa Uholanzi, ndiye aliyekubali uso na jina lake vionekane. Jumatatu iliyofuata, tarehe 10, waendesha mashtaka wa jimbo la Goiás waliunda kikosi kazi, wakatangaza anwani ya barua pepe na kuwaomba wanawake wengine waandike. Kufikia Alhamisi ya wiki hiyohiyo malalamiko yalikuwa yamepita 300. Yalitoka majimbo mengi ya Brazil, na mengine yalitoka mbali, Ujerumani, Australia, Marekani.

Kituo chake cha tiba, Casa de Dom Inácio de Loyola, kilifunguliwa Abadiânia, jimboni Goiás, mwaka 1976. Kutoka hapo hadi 2018 ni miaka 42. Miaka 42 upande mmoja, siku nne upande wa pili. Ninaomba msomaji akae na namba hizo mbili kwanza, kwa sababu zinajibu swali linaloulizwa kila kashfa ya namna hii inapoibuka, kwetu na kwingineko: mbona hawakusema mapema? Watu 300 waliotawanyika katika mabara manne hawaamki wote wiki moja wakiwa wamepata ujasiri. Ujasiri walikuwa nao. Kilichoongezeka wiki ile ni mahali pa kupeleka neno lao, na ofisi iliyoahidi kuliandika. Kimya cha Abadiânia kilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa wakilipwa. Sehemu ya malipo hayo inahesabika.

Tuanze na ukubwa wa mahali penyewe. Abadiânia ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya BR-060, kilomita 110 hivi kutoka Brasília. Wakazi wake hawafiki 20,000. Enzi za kilele, kituo kilikadiriwa kupokea wageni 10,000 kwa mwezi, yaani mgeni mmoja kwa kila wenyeji wawili, mwezi hadi mwezi. Tiba ilitolewa siku tatu kwa wiki, Jumatano hadi Ijumaa. Ukigawanya, unapata watu kati ya 700 na 800 kwa siku, wote wamevaa nyeupe kama walivyoagizwa, wamepanga foleni kumpita mtu mmoja aliyeketi kitini, kila mmoja akipewa sekunde chache.

Kumwona hakukuwa na ada. Hilo lilirudiwa kila mara kama ushahidi wa utakatifu wake, na ndipo hesabu inapoanza kuwa muhimu. Karibu kila aliyepita mbele yake aliandikiwa vidonge vya mmea wa pasiflora, vilivyouzwa dukani mwa kituo kwa takriban reali 50 chupa. Kima cha chini cha mshahara Brazil mwaka 2018 kilikuwa reali 954 kwa mwezi, kwa hiyo chupa moja ilikuwa zaidi ya ujira wa siku moja na nusu wa mfanyakazi wa kipato cha chini. Tuseme kila mgeni alinunua chupa moja tu, asiguse maji ya baraka, wala mawe ya fuwele, wala vitanda vya mwanga vilivyokodishwa kwa dakika. Wageni 10,000 kwa reali 50 ni reali 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 6. Hizo ni chupa za dawa peke yake.

Baada ya kipindi kile cha televisheni, waendesha mashtaka waliiambia mahakama kwamba reali milioni 35 zilikuwa zimehamishwa katika akaunti zake, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za kuomba akamatwe. Mawakili wake walibisha maana ya uhamisho huo. Kiasi chenyewe ndicho kinachonishughulisha hapa: kwa mshahara wa reali 954, mfanyakazi wa kawaida angehitaji zaidi ya miaka 3,000 kukifikisha bila kula. Kwa mauzo ya chupa moja moja tuliyoyakadiria, kilihitaji chini ya miaka sita. Alijisalimisha polisi tarehe 16 Desemba.

Wasomaji wa Tanzania wana kipimo chao cha jambo hili. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge, Loliondo, bei ilikuwa shilingi 500. Babu, kama alivyoitwa, hakutuhumiwa kumdhalilisha mtu yeyote, na simweki katika fungu moja na huyu wa Brazil. Ninamtaja kwa sababu ya foleni. Magari yalipanga mstari wa kilomita nyingi, Serikali ikalazimika kuomba watu wasite kwenda hadi msongamano upungue, na wagonjwa kadhaa walikufa njiani wakisubiri zamu. Shilingi 500 ya kikombe ilikuwa ndiyo fedha ndogo kuliko zote katika safari ile. Nauli, maji, chakula, mahali pa kulala, vyote vilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mganga anapovuta umati, wanaoishi kwa umati huo ni wengi kuliko yeye.

Abadiânia ilikaa hivyo kwa miongo minne. Upande mmoja wa barabara ulijaa nyumba za wageni, migahawa, maduka ya nguo nyeupe, madereva wa teksi, na waongozaji waliowaleta wagonjwa kwa makundi kutoka Ulaya na Marekani. Mwaka 2010 jarida la mtangazaji wa Marekani Oprah Winfrey lilichapisha makala juu yake, na mwaka 2012 Winfrey mwenyewe alisafiri hadi kituoni. Kuanzia hapo, mwanamke wa kijijini Goiás aliyetaka kusema alichotendewa alikuwa anapambana na mwajiri wa mji mzima, aliyepata pia ushuhuda wa mmoja wa watu wanaoaminiwa zaidi duniani. (Tuhuma zilipolipuka, video za safari ile ziliondolewa mtandaoni. Mganga alikuwa amekwisha kuvuna faida yake kwa miaka sita.) Nani angemsikiliza mwanamke huyo? Mwenye nyumba ya wageni? Diwani ambaye kodi za mji wake zinatoka kwenye foleni ileile?

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa wazi kiasi cha kutisha. Mgonjwa alipita kwenye foleni mbele ya mamia ya watu. Baadhi ya wanawake waliambiwa kwamba hali zao zinahitaji tiba zaidi, wakae hadi kikao kiishe, waonane naye faragha. Katika chumba hicho waliambiwa kwamba yatakayofanyika ni kazi ya roho inayotibu kupitia mwili wake, na kwamba wakikataa ugonjwa utarudi, au utampata mtoto, au mume. Wengi wao walikuwa na saratani, au mfadhaiko mkali, au mtoto mgonjwa hotelini. Wasaidizi walijua nani ameitwa. Wageni wengine walimwonea wivu aliyeitwa, kwa kuwa kuitwa kulihesabiwa kuwa neema.

Hapa kwetu mahali hapo pana majina tunayoyajua: maombezi ya faragha, kisomo cha mtu mmoja mmoja, kuoshwa, kuzinduliwa. Wengi wanaofanya kazi hizo wanazifanya kwa nia njema, na mgonjwa anatoka salama. Lakini mlango uliofungwa ni uleule, na mgonjwa aliye ndani ana sababu zilezile za kutokataa.

Nije kwenye bei ambayo haikulipwa kwa fedha. Sheria ya Brazil ina saa zinazokwenda kinyume na mlalamikaji, na mwenendo wa saa hizo unaeleza mengi kuhusu miaka 42. Ya kwanza ilikuwa ya miezi sita. Kwa muda mrefu, kesi nyingi za ubakaji wa mtu mzima hazikuweza kufunguliwa na dola peke yake, ilibidi mwathirika mwenyewe aombe, na aombe ndani ya miezi sita tangu amjue mtendaji. Kwa mgonjwa aliyeambiwa asiposadiki atakufa, miezi sita inapita akiwa bado anajiuliza kama lililompata lilikuwa tiba au la. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 24 Septemba 2018, wiki zisizofika 11 kabla ya kipindi kile cha Globo. Sheria mpya haikuweza kuyafufua madai yaliyokwisha kulala chini ya ile ya zamani.

Saa ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Brazil inaweka ukomo wa kushtaki kulingana na uzito wa kosa: miaka 20 kwa makosa ambayo adhabu yake ya juu inazidi miaka 12, na miaka 12 kwa kosa kama udhalilishaji wa kingono kwa njia ya hila, ambalo adhabu yake haizidi miaka 6. Lakini wakati wa kesi hizi, mshtakiwa akiwa amepita miaka 70 siku ya hukumu, ukomo huo ulikatwa nusu. Mganga huyu alizaliwa mwaka 1942. Alipokamatwa alikuwa na miaka 76. Kwa hiyo miaka 20 ikawa 10, na 12 ikawa 6.

Chukua sasa umri wa kituo. Kati ya miaka 42, hata kwa makosa mazito kabisa dhidi ya watu wazima, mkono wa sheria ulifika miaka 10 tu nyuma. Miaka 32 ya kwanza ilikuwa nje ya mlango wa mahakama. Wanawake wa miaka hiyo waliitwa na waendesha mashtaka kama mashahidi, wasimulie mbele ya hakimu yaliyowapata ili kuonyesha mwenendo wa mshtakiwa, katika kesi za wengine. Walisema yote. Kwa yaliyowapata wao wenyewe hakuhukumiwa mtu.

Kila mwaka wa kimya, basi, ulikuwa na thamani ya moja kwa moja kwa mtendaji. Ulimwongezea wateja, ukamsogeza karibu na umri wa kusamehewa nusu ya muda, na ukafuta kesi moja baada ya nyingine bila yeye kufanya lolote. Waliomlinda kwa kunyamaza, iwe kwa woga au kwa maslahi, walimpa faida kubwa kuliko wakili yeyote ambaye angeweza kumwajiri.

Hukumu zilipokuja, zilikuja na namba kubwa. Desemba 2019 alihukumiwa miaka 19 na miezi minne kwa makosa dhidi ya wanawake wanne. Mwezi uliofuata, miaka 40 kwa makosa dhidi ya wengine watano. Kesi ziliendelea, na kufikia Septemba 2023 jumla ilikuwa imepita miaka 480. Magazeti yaliipenda namba hiyo, na ninaelewa kwa nini. Lakini wakati makosa yale yanatendwa, Brazil haikuruhusu mtu kutumikia zaidi ya miaka 30 gerezani, na tangu Machi 2020, kwa sababu ya umri, afya na hofu ya Uviko-19, sehemu kubwa ya kifungo chake ameitumikia nyumbani. Miaka 480 ipo kwenye karatasi za mahakama. Mwanamke aliyeogopa kutoka nje kwa miaka 20 aliitumikia yote.

Kuna gharama nyingine ambayo mahakama haikuulizwa. Ni wagonjwa wangapi waliacha matibabu? Kwa Abadiânia siwezi kuijaza namba hiyo, ila kuna kipimo cha hatari yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa 281 wa saratani inayotibika, waliochagua tiba mbadala peke yake, na wenzao waliopata tiba ya hospitali. Hatari ya kufa kwa wale wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilikuwa zaidi ya mara tano. Mganga anayemshika mgonjwa kwa hofu, akamwambia asiondoke wala asihoji, anamfungia mtu huyo njia zote mbili, ya polisi na ya hospitali.

Wapo watakaosema kwamba Brazil iko mbali. Shakahola je? Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, waliodaiwa kuambiwa wafunge kula hadi wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilipita 400. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, na wakakana. Makosa ni tofauti na ya Abadiânia, na mahakama ndizo zitakazoamua juu yake. Jambo moja limekwisha kuwekwa wazi. Mackenzie alikuwa amekamatwa mwaka 2017 kwa mahubiri yake yaliyowataka watoto wasiende shule, akakamatwa tena mwaka 2019, na tena Machi 2023 baada ya kifo cha watoto kuripotiwa, akaachiwa kwa dhamana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya Machi 2024, ililaumu vyombo vya usalama vya Malindi kwa kutochukua hatua juu ya taarifa za kuaminika walizopelekewa. Watu walisema. Waliosema walikuwa majirani na ndugu wenye hofu, walifika ofisini, na taarifa zao zikalala mezani.

Ndiyo maana ninakataa kuliita tatizo hili la kina mama wasiosema. Linakaa kwenye meza zinazopokea maneno yao. Na hapo Tanzania ina jambo ambalo wengi hawalijui, mimi naona ni hazina. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(3), maneno yanayomtaja mganga wa jadi waziwazi: anayetumia nafasi yake kumbaka msichana au mwanamke aliyemwendea kwa tiba ametenda kosa la ubakaji. Aya inayofuata inamtaja kiongozi wa dini. Adhabu yake haipungui miaka 30, na inaweza kuwa kifungo cha maisha. Hakuna saa ya miezi sita, hakuna punguzo la nusu kwa mwenye miaka 70. Wanasheria wetu husema jinai haiozi, na kwa kosa hili ndivyo ilivyo. Miaka 20 kabla Wabrazili hawajalazimika kubishana mahakamani iwapo mgonjwa mbele ya mganga ni mtu asiyeweza kujitetea, wabunge wetu walikuwa wamekwisha kuona nguvu aliyo nayo mtu anayeshika ugonjwa wako mkononi.

Tatizo liko chini ya sheria hiyo. Mganga wa mitishamba anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Nabii anayeponya kwa maombi, mafuta na maji hasajiliwi huko, anasajiliwa kama jumuiya ya kidini Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa katiba, viongozi na ada. Baraza la tiba halimkagui kwa sababu haponyi kwa dawa, na msajili wa jumuiya haulizi kinachofanyika katika chumba cha maombezi kwa sababu hiyo ni ibada. Mtu mmoja anatibu maelfu na hakuna ofisi iliyo na faili la wagonjwa wake. Kenya imelijaribu jambo hili baada ya Shakahola kupitia kikosi kazi cha rais kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, na baadhi ya viongozi wa makanisa wamepinga wakihofia uhuru wa kuabudu. Hofu yao ina msingi, Serikali isipewe kalamu ya kuamua nani anasali vizuri. Lakini kumtaka anayepokea wagonjwa awe na mlango usiofungwa, awe na mtu wa tatu ndani ya chumba, na abandike ukutani namba ya simu ya malalamiko, hakugusi imani ya mtu yeyote.

Kisha kuna bei ya kusema. Fomu ya PF3 ya polisi wa Tanzania haiuzwi. Kinachouzwa ni kila kilichoizunguka: nauli ya kwenda kituoni mara tatu, siku za kibarua zilizopotea, macho ya kijiji, na kikao cha wazee kinachoitwa haraka ili jambo limalizwe kifamilia. Kaskazini mwa Kenya kikao kama hicho huitwa maslaha, na wanaokaa ndani yake kwa kawaida ni wanaume. Fidia hutajwa, mganga hulipa, na mwanamke hurudishwa nyumbani akiwa ameambiwa ashukuru. Yule mganga anaendelea kupokea wagonjwa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Ningeliomba Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka watoe kila mwaka, peke yake, hesabu ya kesi zinazowahusu waganga na viongozi wa dini chini ya kifungu kile cha 130: ngapi ziliripotiwa, ngapi zilifika mahakamani, ngapi zilimalizwa nyumbani. Na kila mara malalamiko ya kwanza dhidi ya mganga yanapopokelewa, watangaze anwani na simu kama walivyofanya Goiás, wawaite wengine. Barua pepe moja iliifanya kazi ambayo miaka 42 haikuifanya.

Kwako wewe uliyepatwa na jambo hili, au mwenye ndugu aliyepatwa nalo: ndani ya saa 72 nenda hospitali, kuna dawa za kukinga maambukizi ya VVU ambazo hazifai baada ya muda huo. Tanzania omba PF3 na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto kituoni. Kenya ni fomu ya P3, na simu 1195 haina malipo. Kama saa 72 zimekwisha kupita, au miaka imepita, bado nenda. Aliyetenda kosa hilo Tanzania mwaka 1999, hata awe na miaka 80 leo, anaweza kushtakiwa kesho asubuhi.